Mwaka Tulipowekewa Lami

Nafula tulimzika kwao, upande wa Kimilili, na katika karatasi ya ratiba walikuwa wameandika kwamba ametuacha baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mhubiri aliyarudia maneno hayo, mwakilishi wa kina mama wa kanisa akayarudia, na kila aliyeshika kipaza sauti akatoa shukrani kwamba sasa dada yetu amepumzika na ugonjwa. Mimi nilikuwa nimeketi chini ya hema la wageni waliotoka Nairobi, nikasikiliza mpaka mwisho nione kama kuna mtu atasema neno gari. Hakuna aliyelisema. Tulipopanga foleni ya chakula, mpwa wake mmoja, mwanamke mzima anayefanya kazi benki kule Kitale, alinijia akanisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anti, nyinyi mlikaa na yeye Nairobi. Shangazi alizaliwa hivyo?" Nilimwambia hakuzaliwa hivyo, aligongwa na gari. Akaniuliza gari ya nani. Nilifungua mdomo nimjibu, na nikaona foleni inasonga, watu nyuma yetu wana njaa, na jambo lenyewe halitoshi kwenye foleni ya wali. Nikamwambia nitamweleza siku nyingine. Najua hatutaonana tena, pengine mpaka msiba mwingine. Kwa hivyo nauandika hapa mwaka huo mmoja aliogongwa, kama nilivyouona.

Tuliishi Mutuini, pembezoni mwa Nairobi upande wa Dagoretti, katika ploti ya Mzee Karanja, chumba cha pili kutoka getini. Kilikuwa chumba cha mawe chenye dirisha moja linalotazama barabara, na ndani tulikuwa na vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, ndoo za maji, na pazia la maua tulilogawia chumba tukijidanganya kwamba ni vyumba viwili. Nyuma ya vyumba Mzee Karanja alikuwa bado na shamba lake la mahindi na sukuma wiki, na ng'ombe mmoja, na mkewe, Mama Kamau, alituuzia maziwa kwa kikombe cha bati. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mwembamba hivi kwamba tulimjua mtoto wao anapokohoa, na tulijua bwana na bibi wanapopatana kwa sababu redio hupunguzwa. Nafula alikuwa mkubwa wangu kidogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kucheka na bega, yaani bega la kushoto huanza kutikisika kabla hujasikia sauti. Alipenda omena iliyokaangwa mpaka ivunjike kama chipsi, na alikuwa akinigombeza kwa kuweka maji mengi kwenye ugali. Wote wawili tulisuka nywele Kenyatta Market, kwa Mama Shiro. Yeye alikuwa msusi, mimi nilikuwa bado nafundishwa, nikimshikia nywele, nikichanganya rangi, nikimwaga maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta.

Nikifumba macho leo hicho kibanda cha Mama Shiro hunijia kwa harufu kwanza. Upande mmoja wetu walichoma nyama tangu saa nne asubuhi, na moshi wake uliingia kwenye nywele za wateja tukiwa bado tunazisuka, hata mwanamke akitoka pale amependeza kama bi harusi, ananuka mbavu. Kwenye benchi kila mteja alizungukwa na wasusi watatu au wanne, na mazungumzo yalipita juu ya kichwa chake kama vile yeye hayupo. Hapo ndipo nilipojifunza mji. Nilijua mke wa nani ameachwa, ofisi gani kule mjini inafuta watu kazi, mchungaji gani amenunua gari la aina gani. Na Nafula ndiye aliyekuwa akiwachekesha. Alikuwa amechumbiwa na Wekesa, fundi wa mbao aliyekuwa na karakana Dagoretti Corner, na alikuwa akisema kwamba siku ya harusi yake atajisuka mwenyewe mbele ya kioo, maana hakuna mtu anayemwamini na kichwa chake isipokuwa yeye. Mama Shiro alimwambia hilo haliwezekani. Nafula alimjibu angoje aone.

Mwaka huo ndio walituwekea lami. Kabla ya hapo barabara ya kwetu ilikuwa ya udongo mwekundu, mashimo matupu, na wakati wa mvua tulitembea na viatu mikononi. Magari yalipita polepole kama watu wanaotafuta kitu walichokiangusha. Basi trekta zikaja, wakachimba, wakamwaga kokoto, na kabla ya mwezi wa sita tulikuwa na barabara nyeusi inayong'aa hata ungeweza kujitazama. Watu walifurahi sana. Mzee Karanja alipandisha kodi, na hakuna aliyemlaumu. Jumapili baada ya kanisa watoto walilala chali katikati ya lami kuonja joto lake. Halafu magari yakagundua njia hiyo. Waliokuwa wakienda Karen na Ngong waliona kwamba hapa hakuna msongamano, hakuna taa, hakuna matuta, na wakaanza kupita kwetu kama mshale. Mara ya kwanza tulisimama getini kutazama. Nakumbuka Nafula akisema, "Huyo ameruka ama amepita?" na tukacheka sote. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani tuliogopa tangu mwanzo. Hatukuogopa. Kasi ilikuwa ni dalili kwamba tumefika, kwamba na sisi sasa tuko Nairobi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, baridi ile ya kukaa mchana kutwa bila jua. Tulikuwa tumemsuka mwanamke mmoja aliyekuwa anaolewa, tukatoka mapema, na tukashuka upande wa pili wa barabara, mbele ya kibanda cha mboga. Mimi nilibaki nachagua parachichi. Nafula aliniambia anatangulia kuwasha jiko, akanipokonya mfuko wa unga akaenda. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hilo niliapa mahakamani na nitaliapa tena popote. Barabara ilikuwa tupu. Lakini pale kwetu kuna kona baada ya daraja dogo, na gari lililotoka kwenye kona hiyo lilifika kabla mtu hajamaliza kuvuka. Sikuona likimgonga. Nilisikia breki, sauti ndefu, kisha kishindo kama mtu ameangusha gunia kutoka kwenye lori. Nilipogeuka unga ulikuwa bado uko hewani. Nafula alikuwa amelala kando ya mtaro, mbali sana na mahali alipokuwa anavukia, macho wazi, sweta limepanda kifuani. Alikuwa ananitazama. Aliniambia, kwa utulivu kabisa, "Kageha, nivute miguu, imekunjwa vibaya." Miguu yake ilikuwa imenyooka.

Dereva alisimama. Wengi hawasimami, kwa hivyo nimwandikie hilo. Alikuwa kijana wa rika letu, mwembamba, amevaa shati jeupe, na aliposhuka alishika kichwa kwa mikono miwili akazunguka gari lake mara kadhaa kama anayetafuta mlango. Watu walikuwa wameanza kuokota mawe. Mzee Karanja alitoka shambani na jembe lake, akasimama kati yao na yule kijana, akawaambia kama wanataka kuua mtu waanze na yeye, na gari ndilo liko hapa, nani mwingine atampeleka huyu msichana hospitali. Ndivyo ilivyokuwa. Tulimbeba Nafula, tukamkunja ili aingie kwenye kiti cha nyuma, mmoja ameshika mabega, mwingine miguu, wote tunavuta. Daktari aliniambia baadaye kwamba mtu aliyeumia mgongo hashikwi hivyo. Hakuna mtu aliyekuwa ametufundisha. Na kijana yule yule aliyemgonga ndiye aliyetuendesha, na njia nzima alienda polepole mno, akilia, mpaka nikamwambia aongeze mwendo.

Wodi ilikuwa imejaa, na wiki ya kwanza Nafula alilala kitanda kimoja na mwanamke aliyeangukiwa na ukuta, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Nilikuwa nikimletea uji kwenye thamosi na mayai ya kuchemsha. Nilizoea harufu ya Jik, ile dawa ya kusafishia, na ya vidonda, nikazoea pia jinsi wauguzi wanavyotembea haraka ili wasiulizwe. Siku moja madaktari wawili wachanga walisimama miguuni pake, wakazungumza Kiingereza chao cha haraka huku wakitazama picha ya mgongo dhidi ya dirisha. Nafula alikuwa amesinzia. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya kitanda nikitafuta kijiko, na nadhani hawakuniona. Mmoja alisema uti umekatika, hakuna la kushona. Mwingine akauliza kama mgonjwa ameambiwa. Yule wa kwanza akasema bado, jamaa zake hawajaja. Wakaenda kitanda kingine. Nilibaki pale chini nimeshika kijiko. Nilipoinuka, Nafula alikuwa amefumbua macho, na aliniuliza kama nimekiona. Nikamwambia nimekiona. Tulikula uji. Alikuwa bado akipanga jinsi atakavyorudi kazini kabla ya wateja wa Krismasi, na mimi nilikuwa nikiitikia, "Eeh, watakuwa wengi mwaka huu," nikijua.

Yule kijana, aliyeitwa Brian, alikuja kumwona pamoja na mama yake. Walikuja na matunda, sukari, majani ya chai na blanketi jipya. Mama yake alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, mzaliwa wa huko huko Dagoretti, na alisali kwa muda mrefu akiwa ameshika mkono wa Nafula, akaomba msamaha kwa niaba ya nyumba yake, akasema wao si watu wabaya, na kwamba yaliyotokea ni mipango ambayo binadamu hawezi kuielewa. Nafula wakati huo alikuwa ameshaambiwa. Alimngoja amalize sala, akasema amina, kisha akamgeukia kijana aliyekuwa amesimama nyuma, karibu na mlango.

"Ulikuwa unaenda wapi?" alimuuliza.

Brian alimtazama mama yake. "Kuchukua keki," alisema.

"Keki ya nini?"

"Dada yangu alikuwa na sherehe. Waliniambia mahali wanapouza wanafunga mapema."

Nafula alifikiria hilo. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayeuliza njia. "Na ilichukuliwa?"

"Mjomba alienda," Brian alisema. "Walikuwa hawajafunga."

Mama yake aliinamisha kichwa. Nafula aliwashukuru kwa kuja, akalalia upande niliomgeuzia, na akaniomba nimfunike na blanketi la zamani. Mara nyingi nimekuwa nikijiuliza ningejisikiaje kama kijana yule angekuwa anakimbiza mgonjwa, au anakimbia wezi. Labda vile vile. Lakini katika miaka yote iliyofuata, kila nikiona mtu anakanyaga mafuta kwa nguvu ili afike mbele ya gari jingine kwenye taa, hulisikia lile jibu, na hujiuliza keki yake huyu ni ipi.

Kesi ilisikizwa mjini, au tuseme haikusikizwa. Niliitwa kama shahidi, nikawa naomba ruhusa kwa Mama Shiro, navaa sketi yangu ya kanisa, naketi kwenye ukumbi wa mahakama na watu wengine waliovaa nguo za kanisa. Mara hakimu yuko semina. Mara wakili wa Brian ana kesi nyingine. Siku niliyopanda kizimbani, wakili huyo, mwanamume mpole mwenye miwani, aliniuliza nilisoma mpaka darasa gani, na kama nimesomea kupima mwendo wa gari. Nikamwambia sijasomea. Akaniuliza basi ninajuaje kwamba gari lilikuwa linaenda kasi, na si kwamba rafiki yangu alivuka ghafla. Nikamwambia nilisikia. Akasema, "Ulisikia kasi," akaandika, na watu wawili watatu nyuma wakacheka kidogo. Nilitaka kumwambia kwamba mtu mrefu vile hawezi kutupwa hadi kwenye mtaro na gari linaloenda polepole, lakini alikuwa ameshaketi. Mwishowe askari aliyepima barabara siku ile alihamishiwa kaskazini, hakuonekana tena, na kesi ikafungwa kwa kukosa mashahidi. Kwenye korido Brian alinisalimu. Alikuwa amekonda. Sidhani alishinda. Ila alitoka kwa miguu yake, akashuka zile ngazi haraka, ngazi mbili mbili, kama vijana wanavyoshuka.

Nafula alirudi Mutuini na kiti cha magurudumu alichopewa na kanisa. Tuliondoa pazia la maua ili kipite. Nilijifunza kumgeuza, kumwosha, kubadilisha paipu ya mkojo, na kuangalia mgongo wake kila asubuhi kama kuna pahali pamebadilika rangi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, na kwa kuwa alilala hapo mchana kutwa, akaanza kuyajua magari kwa sauti. Mimi nikiwa napika alikuwa akisema, "Huyo anakimbia," au "Huyo ni wa jana," bila kugeuza kichwa. Shingo yake ilikakamaa kila yalipopita. Nilimwomba Mama Kamau atubadilishie chumba cha nyuma, akakubali, lakini mlango wa chumba hicho ulikuwa na vidato na kiti hakikuweza kuingia.

Tulijaribu kazi. Mikono yake ilikuwa salama kabisa, na Mama Shiro alisema aje tu. Mtu wa teksi alitupeleka siku moja kwa hisani. Vijia vya Kenyatta Market ni vyembamba, watu wawili hupishana kwa ubavu, na ilibidi wachoma nyama waondoe meza zao ili tupite, na wateja waliokuwa wanakula wakasimama na sahani mikononi. Nafula alikuwa akisema samahani, samahani, mpaka tukafika. Kwenye kiti chake hakuweza kufikia utosi wa mteja, kwa hivyo mteja aliketishwa chini kwenye mkeka. Alimsuka vizuri kuliko sisi sote. Lakini wale wanawake waliokuwa wakipigania zamu ya mikono yake walizungumza naye kwa sauti ile ya hospitalini, na hakuna aliyemcheka wala kumtania. Mteja alipomaliza alimshukuru, akamshika bega, akatoka akifuta macho. Njiani kurudi Nafula aliniambia hatarudi. Alisema, "Mtu hawezi kusukwa akilia. Kichwa kinatikisika."

Wekesa alikuja kila Jumapili, halafu Jumapili kadhaa, halafu akawa anatuma salamu. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya maji nyuma ya duka, nikamsikia upande wa pili wa mabati akimweleza Mzee Karanja. Hakuwa anasema kwa ubaya. Alisema yeye ni mtoto wa kwanza, mama yake anamuuliza kuhusu wajukuu, na kwamba akimwona Nafula anakosa la kuongea, anaketi tu akihesabu mabati. Mzee Karanja akamwambia, "Basi mwambie mwenyewe. Usimwache angoje." Hakumwambia. Nafula alingoja wiki chache, akanipa shanga na kitambaa alivyokuwa amenunua kwa ajili ya harusi, akasema nivipeleke kwa Mama Shiro aviuze.

Watu wa Mutuini walijitahidi. Mwezi wa kumi na moja gari jingine liligonga mtoto wa shule pale pale kwenye kona, na siku hiyo hiyo wanaume walitoka na sururu, wakachimba lami, wakajenga matuta mawili ya udongo na mawe. Kwa majuma machache tulilala. Magari yalifika pale, yakapunguza, madereva wakatutukana kupitia madirisha. Nafula alisikia ule ukimya akasema hata hawezi kuuzoea. Kisha wakaja watu wa barabara na greda, na askari wa kuwalinda, wakayaondoa matuta kwa sababu hayakuwa na kibali. Waliweka kibao cha kuonyesha mwendo. Kibao chenyewe kiliibwa kabla ya Krismasi, kwa kuwa kilikuwa cha chuma.

Ndugu yake, Simiyu, alikuja kumchukua mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa ameazima pikapu pamoja na dereva wake na kuweka godoro nyuma, na turubai juu yake. Asubuhi hiyo Nafula aliniomba nimsuke. Nilimsuka laini za kawaida, mistari ya kurudi nyuma, na mikono yangu ilikuwa mizito, na mara mbili alinyoosha mkono wake nyuma ya kichwa akafumua nilipokosea, akaniambia nirudie. Tulikunywa chai na viazi vitamu alivyoleta Mama Kamau. Nafula hakulia. Aliniagiza nisiache kazi, niolewe nikitaka, nisije Kimilili kumwona mara kwa mara maana ni mbali. Nilimwambia nitakuja. Nilienda, kwa miaka mingi nilienda, na kila nilipoenda alikuwa amepungua kidogo, mpaka figo zikamaliza kazi ambayo gari lilianza.

Tulimpandisha kwenye godoro, safari hii kwa shuka, watu wanne, mgongo umenyooka, kama nilivyokuwa nimefundishwa. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Ngong. Simiyu alilitazama, akamwambia dereva wajaribu kukimbia wafike mbele kabla mvua haijawakuta njiani. Nilimshika dereva mkono mlangoni, nikamwomba aende polepole, nikamweleza amebeba nani. Alikuwa mtu mzima, alinisikiliza vizuri. Kisha Nafula akasema kutoka chini ya turubai, "Kageha, mwache aende tu. Mimi hakuna kitu imebaki ya kuvunja."

Simiyu alicheka kwa aibu, akapanda mbele. Mama Kamau akafungua geti. Pikapu ilitoka taratibu, ikasimama ukingoni ikingoja magari mawili yapite, ikaingia lami, na kabla hatujamaliza kufunga geti ilikuwa imeshapinda kona.